Ukitaka kuuza nyumba ya urithi, ezeka paa, acha rangi

NIMEKUWA nikiulizwa swali moja kila ninapokutana na wenzangu tuliorejea kutoka Tanzania, iwe ndani ya mashua, msikitini au sokoni. Mzee amefariki, nyumba imebaki, watoto wametawanyika Pemba, Mtwara na Dar es Salaam, na hakuna aliye tayari kurudi kuishi pale. Je, tuikarabati kwanza ndipo tuiuze, au tuiuze kama ilivyo?

Watu huniuliza mimi kwa sababu ni mwalimu, na kwetu mwalimu huhesabiwa kuwa anajua kila kitu. Lakini swali hili linanigusa hata mimi. Babu yetu aliacha nyumba Macaloe, kisiwa kidogo cha wavuvi katika mlolongo wa visiwa vya Quirimbas. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na udongo, imepakwa chokaa na kuezekwa makuti, ina kisima na minazi michache. Warithi tuko tisa. Wawili wanataka iuzwe hata kesho, watatu wanataka kwanza ipendezeshwe, na waliobaki wananitazama mimi.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asihangaike. Usikarabati nyumba ili imvutie mnunuzi. Ikarabati kiasi cha kuizuia isianguke, kisha shughulika na ndugu na karatasi. Mnunuzi wa kwetu hanunui rangi. Mara nyingi anachonunua ni haraka yako, na paa zima ndilo linalokuondolea haraka.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tuliosomea ng'ambo ya Ruvuma hatukufundishwa. Hapa Msumbiji ardhi ni mali ya Dola. Katiba ya 2004 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi Na. 19 ya 1997 inasema hivyo hivyo: ardhi haiuzwi wala haiwekwi rehani. Alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia na kunufaika nayo, ile ambayo kila mtu siku hizi anaiita DUAT.

Basi kinachouzwa ni nini? Ni kile kilichojengwa na kuboreshwa juu ya ardhi hiyo: nyumba, kisima, ukuta, miti iliyopandwa. Tena hata hicho hakiuzwi kwa kupeana mikono tu. Sheria inataka idhini ya mamlaka husika, kisha hati iandikwe mbele ya mthibitishaji wa serikali.

Tanzania nako ardhi ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, lakini aliyekulia Mtwara au Lindi amezoea kusikia watu wakiuza kiwanja kitupu, tena kwa hatua za miguu. Akirejea huku na mazoea yale, anajikuta anauza kitu ambacho sheria haimruhusu kukiuza, na mnunuzi mjanja anamkumbusha hilo siku ya malipo ili ashushe bei.

Msomaji ataona mara moja maana ya sheria hii kwa swali letu. Machoni pa sheria yetu nyumba ndiyo bidhaa yenyewe. Ukiiacha inyeshewe mpaka ibaki tuta la udongo, umeiharibu bidhaa pekee uliyokuwa na haki ya kuiuza. Utabaki na minazi, na minazi nayo inazeeka.

Kuna jambo zito zaidi. Sheria hiyo hiyo inamlinda mtu asiye na karatasi. Familia iliyokalia ardhi kwa mila na desturi ina haki yake hata kama haijawahi kupewa hati, na ushahidi wa wanajamii, wanaume kwa wanawake, unakubaliwa. Hiyo ndiyo salama yetu sisi tuliokimbia vita bila kubeba hata cheti cha kuzaliwa. Lakini sheria hiyo inampa haki pia raia aliyeitumia ardhi kwa nia njema kwa miaka 10 au zaidi. Sasa fikiria nyumba iliyoanguka, wazee waliokuijua wamekufa, na mvuvi mgeni kutoka Nampula amejenga kibanda chake mahali pale bila ubaya wowote, akiamini hapana mwenyewe. Baada ya miaka 10, nani mwenye haki? Mimi nisingependa kuwa hakimu wa kesi hiyo, na nisingependa kuwa mdai.

Kwa hiyo wanaosema "tuiache kama ilivyo, tutauza siku bei ikipanda" wanasahau kwamba nyumba ya udongo na makuti haikai kama ilivyo. Kila masika inapungua.

Hili tumelishuhudia wenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu alikuja mara mbili kuiulizia nyumba ya babu. Safari ya pili bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, ingawa hatukuwa tumemjibu neno. Katikati ya safari hizo masika yalikuwa yamepita, kona moja ya paa ilikuwa imekwenda na upepo, na ukuta wa chini yake ulikuwa umeanza kutoa tumbo. Hakuhitaji kujadiliana nasi. Mvua ilikuwa imejadiliana kwa niaba yake.

Sasa twende upande wa pili, wa wale wanaotaka nyumba ipakwe rangi, iwekwe sakafu ya saruji, madirisha mapya na bati jekundu kabla ya kutafuta mteja. Hawa nawaelewa. Wanaona haya kuuza nyumba ya mzee ikiwa katika hali ya kudhalilika, na wanaamini kila metikali itakayoingia itarudi na mwenzake.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Tuchukulie nyumba kama ilivyo inapewa metikali 150,000. Fundi anasema ukitumia 90,000 itakuwa mpya. Unakopa, unatumia, na mnunuzi anapanda mpaka 220,000. Jirani atakusifu kwamba umeuza kwa bei nzuri. Lakini toa ile 90,000 uliyotumia: umebakiwa na 130,000. Umehangaika mwaka mzima ili upate pungufu ya metikali 20,000 kuliko ungeuza siku ya kwanza.

Badala yake, tuchukulie umetumia 25,000 kuezeka upya na kuziba ukuta uliotoboka, na bei ikapanda mpaka 190,000 tu. Ukitoa gharama umebakiwa na 165,000. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa hesabu hii, kwa kuwa ndiyo wanayoifanya kila wanapopakia mchele au sabuni. Tatizo ni kwamba tukifika kwenye nyumba ya baba tunaacha kuhesabu.

Na hizo namba zangu ni za mfano wa bara. Kisiwani ongeza mashua. Kila mfuko wa saruji na kila bati linapanda chombo, linavushwa, linabebwa begani. Mfuko ukilowa njiani umenunua jiwe. Fundi naye anakula na kulala kwako hata siku ambazo bahari imechafuka na hakuna kazi.

Kabla hujatumia fedha kumridhisha mnunuzi, jiulize kwanza huyo mnunuzi ni nani. Kwa pwani yetu mimi nawaona wa aina tatu.

Wa kwanza ni mfanyabiashara anayetaka ghala au mahali pa kuanikia samaki. Huyu atabomoa kuta za ndani wiki ya kwanza. Ukimpakia chokaa chumba cha kulala, umempakia mtu atakayekivunja. Wa pili ni mwenzetu anayerejea na watoto, anataka kuingia na kulala usiku huo huo. Huyu hutazama mambo matatu: paa linavuja au halivuji, maji ya kisima yana chumvi au hayana, na mlango unafungika au haufungiki. Wa tatu ni mwekezaji wa hoteli. Huyu hata haingii ndani, anaipa nyumba mgongo na kutazama pwani.

Huyo wa tatu hatukumwota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa utalii na hifadhi uliojulikana kwa jina la Maluane ulivihusisha visiwa vya Vamizi, Rongui na hiki chetu cha Macaloe. Vamizi ilipata hoteli ya kifahari. Toka hapo kila mwenye kibanda karibu na mchanga mweupe anaamini tajiri yuko njiani. Lakini tajiri wa namna hiyo, hata akija, hatoi senti moja kwa ajili ya dari mpya. Yeye hujenga upya.

Kukarabati kwa kutegemea neema itakayokuja ni kamari, na sisi wa pande zote mbili za Ruvuma tumeshaicheza. Niliosoma nao Mtwara wanakumbuka miaka ya 2012 na 2013, wakati habari za gesi zilipovuma. Watu waliongeza vyumba, wakaweka marumaru na kupandisha kodi wakingoja wageni wa kampuni. Ikaja vurumai ya kupinga bomba Mei 2013, bomba lenyewe likazinduliwa Oktoba 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, na vyumba vingi vikabaki na popo.

Palma nayo ilijengeka haraka kwa sababu ya mradi wa gesi wa Afungi. Machi 24, 2021 mji ukashambuliwa, watu wakakimbia na nguo walizovaa. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na zuio hilo halikuondolewa hadi Novemba 2025. Aliyekopa mwaka 2020 ili apake rangi nyumba yake ya kuuza Palma alingoja zaidi ya miaka minne, na mkopo haukungoja naye. Sasa maneno ya neema yamerudi midomoni mwa watu. Mimi simkatazi mtu kutumaini, namkataza kukopa kwa ajili ya tumaini.

Basi kama umekubali kwamba kazi ni kuizuia nyumba isianguke, fanya nini? Wazee wa pwani walilisema jambo hili kwa lugha yao: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema uuzibe kwa kitu gani, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Nyumba ya matumbawe na udongo inapumua. Unyevu unaingia na kutoka, na chokaa inauruhusu. Ukiipiga plasta ya saruji kwa nje, unyevu unabaki ndani, udongo unalegea, na baada ya masika mawili plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wamekuwa wakiyaeleza haya kwa miaka mingi. Basi ziba kwa udongo na chokaa kama alivyojenga mwenyewe, maana ni rahisi na ndiyo dawa yake.

Tena usiguse nguzo wala boriti zinazobeba mzigo bila fundi anayejua nyumba za zamani. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kuliko yote Zanzibar, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jumba lenye wataalamu na wafadhili. Yako ina fundi mmoja na kijana wa kukoroga udongo.

Kwa paa, makuti mazuri yaliyoshonwa kwa kubana yanatosha kwa nyumba ya kuuza. Bati linadumu zaidi likiwekwa vizuri, lakini hewa ya chumvi inalila, na kimbunga kikija bati lililopigiliwa ovyo huwa panga. Kimbunga Kenneth kilichotua pwani yetu Aprili 25, 2019 kilitufundisha kwamba suala si bati au makuti tu, ni namna kenchi zilivyofungwa kwenye kuta. Fedha ya kamba na misumari ina faida kuliko fedha ya rangi. Na kama ni lazima utumie saruji mahali fulani, usichanganye na mchanga wa ufukweni, kwani chumvi yake italila kila chuma utakachoweka.

Baada ya paa, safisha kisima na ukifunike, tengeneza mlango ufungike, fyeka kiwanja mipaka ionekane. Basi. Hapo umefika mahali pa kuweka nyundo chini.

Na kama ukuta una kasoro uliyoshindwa kuitengeneza, mwonyeshe mnunuzi. Kupaka chokaa juu ya ufa ili mtu asiuone ni dhuluma, na chuoni tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo kabla hatujafika shule za serikali. Isitoshe, visiwa hivi ni vidogo. Uliyemdanganya leo utapanda naye mashua moja kesho.

Ndugu msomaji, mpaka hapa nimezungumzia kuta. Lakini nyumba nyingi za urithi haziuziki kwa sababu ya kuta. Haziuziki kwa sababu warithi hawajakaa chini.

Ukarabati wa kwanza ni wa familia. Andikeni majina ya warithi wote, walioko na walio mbali, na wanawake wawemo. Sheria ya Ardhi inasema wazi kwamba haki hii inarithiwa bila kubagua jinsia. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi kaka walio Dar es Salaam wakipatana bei kwa simu, ilhali dada aliyebaki kisiwani akifagia uwanja na kumuuguza mzee haulizwi. Siku mnunuzi anapokuja na mizigo, dada anakaa mlangoni, na ana haki ya kukaa. Fedha zimeshaliwa, kesi imeanza.

Katika familia yetu ni binamu yangu mvuvi na mkewe wanaolala katika nyumba ile bahari inaporuhusu. Kama si moshi wa jiko lao, kuni za paa lile zingekuwa zimeshageuka chakula cha mchwa. Watu hawa hawamo katika orodha ya warithi tisa, lakini sisi tumekubaliana kwamba bei yoyote itakayopatikana, wao wana fungu. Kila familia itaamua yake. Ninachosema ni kwamba iamuliwe kabla ya mnunuzi kuja.

Ukarabati wa pili ni wa karatasi. Nenda kwa kiongozi wa mtaa na wazee waliowajua wazazi wako wangali hai. Pata maandishi yanayosema nyumba hii ni ya ukoo gani, mipaka yake ni ipi na majirani ni akina nani. Kisha ulizia utawala wa wilaya namna ya kuomba hati. Haki ya makazi ya familia haina kikomo cha muda, wala si lazima iwe na hati ndipo iwepo, lakini mnunuzi hulipia zaidi kile anachoweza kukishika mkononi. Serikali ilianzisha mapitio ya sera na sheria ya ardhi mwaka 2020, kwa hiyo usitegemee maneno ya barazani, uliza ofisini utaratibu wa sasa ni upi.

Uliza pia jambo moja ambalo wengi hulikimbia. Sheria imeweka ukanda wa mita 100 kutoka mahali maji yanapofikia yakijaa kuwa eneo la hifadhi, pwani na visiwani. Ndani ya ukanda huo haki ya kutumia ardhi haitolewi kama kwingine, bali leseni maalumu kwa shughuli maalumu. Kwenye kisiwa kidogo, mita 100 ni sehemu kubwa ya kijiji. Ni bora ujue mapema nyumba yako iko wapi kabla hujatumia fedha kuipamba.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani wenye uraia wa Tanzania nina neno la pekee. Sheria inamruhusu mgeni kupata haki ya ardhi kama ameishi nchini angalau miaka mitano na ana mradi wa uwekezaji ulioidhinishwa. Wengi wanaruka masharti haya kwa kutumia jina la mke, shemeji au rafiki wa huku. Najua ni rahisi, lakini tambua kwamba nyumba iliyoandikwa jina la mwingine ni ya huyo mwingine, na siku mkikosana huna pa kwenda kulalamika. Anayeuza naye asifurahie sana, kwani mnunuzi asiye na haki ni mnunuzi atakayerudi kudai fedha zake.

Najua zipo hoja dhidi ya haya ninayosema. Ya kwanza ni ya usalama. Toka Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado wameyakimbia makazi yao, wengine zaidi ya mara moja. Mtu aliyelala Pemba chini ya turubai na watoto sita ataniambia kwamba ushauri wa kuezeka paa ni ushauri wa walioshiba. Kwake kuuza nyumba ni nauli na chakula, biashara baadaye.

Siwezi kumlaumu, na simwambii apeleke mafundi mahali ambapo bado hapajatulia. Uhai kwanza. Lakini kwake huyu ndiyo karatasi inakuwa muhimu zaidi, kwa sababu karatasi haihitaji mashua. Wazee wengi wa vijiji vyetu wako huko huko Pemba na Metuge. Mashahidi wako kambini. Waitwe waandike sasa, kabla njaa haijamlazimisha mwenye nyumba kuitoa kwa bei ya gunia la unga. Na wale wanaozunguka makambini wakinunua nyumba za watu wasioweza hata kwenda kuzitazama, wajue kwamba tunawaona.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao nyumba ya babu haiuzwi kabisa. Hii ndiyo hoja inayonisumbua. Mimi ni miongoni mwa watoto waliovushwa Ruvuma wakati wa vita vile vya kwanza, vilivyoisha kwa Mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992. Darasani Mtwara tulikuwa tukiulizwa kwetu ni wapi, na wengi wetu tulikuwa na jibu moja tu: pale penye nyumba ya babu. Hatukuwa na pasi wala picha. Nyumba ile ilikuwa ndiyo anwani yetu hata tulipokuwa hatuijui sura.

Hata hivyo, nyumba inayoitwa anwani ya ukoo huku inaliwa na mchwa haimheshimu babu. Anayesema isiuzwe na achangie makuti. Hiki ndicho kipimo nilichowawekea ndugu zangu: wanaotaka kuuza na wasiotaka kuuza wote wachangie paa, kwa sababu paa linawafaa wote. Likishakuwa zima, nyumba inaweza kungoja. Inaweza kupangishwa kwa mvuvi au mchuuzi, inaweza kumpokea ndugu aliyefukuzwa na vita, inaweza pia kuuzwa kwa bei ya haki. Ukiwa na paa una mambo matatu ya kuchagua. Bila paa una jambo moja tu, nalo umechaguliwa na mwingine.

Kwa serikali zetu za wilaya nina ombi dogo. Miji na visiwa vinapoanza kupokea watu wanaorejea, gawio la mahindi na turubai liende pamoja na karani wa ardhi. Awakute wazee wakiwa hai, asikilize mashahidi, aandike. Kazi hiyo ya siku chache itazuia kesi za miaka 20. Na makarani hao waelewe kwamba mrejeaji anayezungumza Kimwani na Kiswahili, asiyejua Kireno cha ofisini, si mgeni. Aelezwe kwa lugha anayoielewa anachotia sahihi.

Sisi warithi tisa tumeshapitisha uamuzi wetu. Mwaka huu hakuna rangi, hakuna sakafu, na hakuna kuuza. Kila mmoja anatoa fungu la makuti, fito na kamba, na mimi nimepewa kazi ya kuwafuata wazee wawili waliobaki wanaoijua mipaka yetu, ili waseme na maneno yao yaandikwe. Hali ikiruhusu, paa litawahi mvua. Kisha yule mfanyabiashara wa samaki wakavu akija mara ya tatu, tutamkaribisha kahawa na kumsikiliza bei yake bila kutazama mawingu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma uhamishoni Tanzania na kurejea Cabo Delgado.